Hatari iliyo katika kuazimana wembe, mswaki na taulo

Katika nyumba nyingi na mabweni ya shule nchini, wembe mmoja hunyoa watu wawili au watatu, taulo moja hupangusa nyuso za ndugu wote na kitana huzunguka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Anayekataa kumwazima mwenzake huonekana mchoyo au mwenye maringo.

Hata hivyo, vifaa vya usafi wa mwili si kama sufuria au jembe. Baadhi hugusa damu, vingine hugusa mate, jasho na magamba ya ngozi, na kila kimoja kina maradhi yake. Hatari zenyewe hazilingani, hivyo ni muhimu kufahamu kifaa kisichofaa kuazimwa kamwe na kile ambacho maji moto yanaweza kukisafisha.

Wembe na damu

Kunyoa huacha mikwaruzo midogo kwenye ngozi, hata pale ambapo macho hayaoni damu. Chembe ya damu iliyosalia kwenye makali ya wembe yaweza kupitia mikwaruzo hiyo na kumwambukiza anayefuata virusi vya homa ya ini aina ya B au C, ama Virusi Vya Ukimwi.

Kati ya maradhi hayo, homa ya ini aina ya B ndiyo ya kuhofiwa zaidi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa muda usiopungua siku saba. Hivyo basi, wembe uliotumika Jumatatu ungali na uwezo wa kuambukiza Jumamosi, hata kama damu imekauka. Virusi Vya Ukimwi, kwa upande wake, hudhoofika upesi vikikauka hewani.

Tofauti hiyo hudhihirika miongoni mwa wahudumu wa afya wanaodungwa kwa bahati mbaya na sindano zenye damu ya wagonjwa. Kwa mtu asiye na kinga, uwezekano wa kuambukizwa homa ya ini aina ya B waweza kufikia asilimia 30. Ule wa aina ya C hukadiriwa kuwa asilimia 1.8, na wa Virusi Vya Ukimwi asilimia 0.3. Wembe haupenyi mwilini kama sindano, lakini mfuatano wa hatari ni ule ule.

Homa ya ini aina ya B hujificha. Dalili zake, kama vile macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi na uchovu mwingi, huchukua kati ya siku 30 na 180 kujitokeza, na wengi hawazioni kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na ugonjwa huo wa kudumu, na kwamba watu milioni 1.1 walifariki kutokana nao, wengi wao kwa ini kusinyaa au kwa saratani ya ini.

Kinga ipo. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hiyo katika mpango wa kawaida mwaka 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo huenda hawajachanjwa, na mtu mzima aweza kuipata kwa kudungwa mara tatu katika kipindi cha miezi sita. Aina ya C haina chanjo, ingawa siku hizi kuna tembe zinazoponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa.

Mswaki na kikata kucha ni vya kundi hilo hilo la wembe, kwani fizi hutoka damu wakati wa kupiga mswaki na kucha ikikatwa sana huchubua nyama. Sindano ya kutogea masikio vilevile haifai kutumiwa na watu wawili.

Taulo, kitana na wanja

Vifaa visivyogusa damu haviambukizi Ukimwi, na hakuna haja ya kumtenga anayeugua kwa sababu ya taulo lake. Hata hivyo, vina maradhi yake.

Taulo lenye unyevu huhifadhi bakteria wanaosababisha majipu. Mwaka 2003 nchini Marekani, wachezaji watano wa timu ya kandanda ya Kimarekani ya St. Louis Rams walipata maambukizi ya bakteria sugu kwa dawa kwenye michubuko yao, na uchunguzi ulibaini kwamba wachezaji walikuwa wakitumia mataulo kwa pamoja. Taulo la uso na kijiti cha wanja pia hueneza maradhi ya macho, ukiwemo ugonjwa wa vikope ambao umepofusha watu wengi katika maeneo kame kama Turkana.

Nacho kitana hueneza mapunye, yaani choa cha kichwani, ambacho mbegu zake hudumu kwenye vifaa kwa miezi kadhaa. Mtoto mwenye mapunye huhitaji dawa ya kumeza, kwa kuwa mafuta ya kupaka pekee hayafiki kwenye mizizi ya nywele. Chawa huenea zaidi vichwa vinapogusana, na asiponyonya damu hufa baada ya siku moja au mbili.

Kwa kinyozi

Mteja ana haki ya kuona wembe mpya ukifunguliwa mbele yake. Mashine ya kunyolea nayo husuguliwa kwanza kuondoa nywele na mafuta, kisha hutiwa dawa ya kuua viini. Kupangusa kwa spiriti mara moja hakutoshi, na vile visanduku vyenye taa ya buluu havisafishi kifaa kilichowekwa ndani kikiwa na uchafu. Vifaa vya chuma visivyotumia umeme vyaweza kuchemshwa kwa dakika 20 baada ya kuoshwa.

Nyumbani na shuleni, kila mtu awe na wembe, mswaki na taulo lake lenye alama. Mataulo yaanikwe juani hadi yakauke. Vitana vya aliyepata chawa vilowekwe kwenye maji ya nyuzijoto 55 au zaidi kwa dakika 10.

Aliyejikata kwa wembe wa mwingine aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi bila kukikamua, kisha afike hospitalini siku hiyo hiyo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hufaa zaidi ikitolewa katika saa 24 za kwanza. Dawa za kuzuia Virusi Vya Ukimwi sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28.

Ukarimu ni sifa njema, lakini anayetaka kumfaa mwenzake na amnunulie wembe wake.