Bushehr: Mtambo wa nyuklia uliokawia miaka 36

Ujenzi wa mtambo wa kwanza wa umeme wa nyuklia nchini Iran ulianza mwaka 1975, na umeme wake ukaingia katika gridi ya taifa mwaka 2011. Historia yake yawahusu pia wakaazi wa Dubai, ng'ambo ya pili ya bahari.

Msikilizaji, jina la Bushehr si geni kwa mabaharia wa Ghuba. Bandari hiyo ilikuwa lango la mji wa Shiraz, ule unaotajwa katika masimulizi ya asili ya Washirazi wa mwambao wa Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1970, hata hivyo, jina hilo limeambatana na nyuklia.

Shah Mohammad Reza Pahlavi aliamini kwamba mafuta ya nchi yake yangeleta faida zaidi yakiuzwa nje kuliko yakichomwa nyumbani. Kampuni ya Kraftwerk Union ya iliyokuwa Ujerumani Magharibi ikapewa kazi ya kujenga vinu viwili, kila kimoja cha takriban megawati 1,200, vilivyotazamiwa kuwa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mapinduzi ya mwaka 1979 yaliuvuruga mpango huo. Malipo yalisita, na Wajerumani wakafungasha virago huku sehemu kubwa ya jengo la kinu cha kwanza ikiwa imekwisha simama. Kisha vikaja vita vya Iran na Iraq. Kati ya mwaka 1984 na 1988 ndege za Iraq zilishambulia eneo hilo mara kadhaa. Bahati njema ni kwamba ndani ya vinu hamkuwa na fueli ya nyuklia.

Vita vilipokwisha, Iran iliwataka Wajerumani warudi kuikamilisha kazi yao. Marekani ilipinga, na serikali ya Ujerumani ikakataa. Ndipo Urusi ilipotia saini, Januari 1995, mkataba wa kiasi cha dola milioni 800.

Kazi ya Warusi haikuwa nyepesi. Walitakiwa kuingiza kinu chao katika jengo lililochorwa kwa ajili ya kinu cha Kijerumani, mithili ya fundi anayeletewa mlango wa nyumba nyingine autie katika fremu iliyokwisha jengewa ukutani. Matangi ya kutengenezea mvuke ya Kijerumani husimama wima, ya Kirusi hulala. Vifaa vya zamani vilivyoweza kutumika vilibakizwa, na vingine vilikuja kudai gharama yake: mwezi Februari 2011 fueli ililazimika kutolewa kinuni, baada ya pampu moja ya tangu miaka ya 1970 kuharibika na kuzusha hofu kwamba vipande vya chuma vimeingia katika maji ya kupozea.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa kilikuwa ukosefu wa kuaminiana. Mwaka 2002 ulimwengu uligundua kwamba Iran ilikuwa ikijenga kwa siri kituo cha kurutubisha madini ya urani huko Natanz. Tangu hapo kila hatua ya Bushehr ilitazamwa kwa jicho la shaka. Mlango ulianza kufunguka Februari 2005, pale Iran ilipokubali kwamba fueli iliyokwisha tumika itarejeshwa Urusi. Fueli ilianza kutiwa kinuni Oktoba 2010, na mwezi Septemba mwaka uliofuata umeme ukapatikana.

Kawia ufike, hunena Waswahili. Lakini majirani walikuwa na lao la kuuliza. Kuwait, Manama, Doha na hata Dubai ziko karibu zaidi na Bushehr kuliko ulivyo mji mkuu Tehran. Miji hiyo huyategemea mno maji ya Ghuba yaliyoondolewa chumvi, na bahari yenyewe ni ya kina kifupi, ikiwa na mlango mmoja tu mwembamba wa Hormuz. Iran ilianza kuuendesha mtambo huo bila ya kuwa mwanachama wa Mkataba wa Usalama wa Nyuklia. Tetemeko la ardhi la Aprili 2013, lililoua makumi ya watu mkoani Bushehr, liliongeza wasiwasi, ingawa mtambo haukuripotiwa kudhurika. Na katika vita vya Juni 2025 kati ya Israel na Iran, mkuu wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, Rafael Grossi, alilionya Baraza la Usalama kwamba shambulio dhidi ya Bushehr lingekuwa na athari mbaya kuliko yote.

Umoja wa Falme za Kiarabu nao ulijenga mtambo wake, Barakah, katika emirati ya Abu Dhabi. Mwaka 2008 ulitangaza kwamba hautarutubisha urani, na mwaka uliofuata ukawapa Wakorea Kusini kazi ya kujenga vinu vinne. Barakah pia ilikawia, kutoka mwaka 2017 hadi 2020, moja ya sababu zilizotajwa ikiwa ni kuwapa waendeshaji muda wa kukamilisha mafunzo. Kinu cha nne kilianza kazi ya kibiashara Septemba 2024.

Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki habari hizi si za mbali. Mwaka 2024 wakaazi wa Uyombo, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, waliandamana kupinga mpango wa kujenga mtambo wa nyuklia ufuoni kwao, wakihofia bahari wanayovua. Wao waliuliza kabla ya zege kumwagwa. Majirani wa Bushehr hawakupata nafasi hiyo.