Ahadi ni Deni, Hata kwa Kompyuta

Katika nyumba zetu nyingi huku ughaibuni, iwe Muscat, Leicester au Minneapolis, kuna kijana anayekaa mbele ya kompyuta hadi usiku wa manane akiendesha dola. Sisi wazee tukipita nyuma yake tunaona ramani, miji na majeshi, tunadhani ni vita tu. Lakini tukisimama kidogo tutaona jambo jingine: kijana yule anafanya mapatano. Anampa jirani dhahabu, anaomba ruhusa ya kupitisha jeshi, anaahidi kutovuka mpaka. Na jirani mwenyewe si mtu, ni programu. Historia ya namna kompyuta ilivyofundishwa kuwa rafiki, na namna ilivyofundishwa kuwa msaliti, inafaa kujulikana na sisi pia, maana mwisho wake unagusa pwani yetu wenyewe.

Michezo tunayoizungumzia ni ile ya kuchezwa kwa zamu, kama bao au karata. Hakuna haraka ya vidole. Kila mtu anafikiri, anacheza, anampisha mwenzake. Kabla ya kompyuta kuingia majumbani, mchezo uliovuma kwa mambo ya ushirika na usaliti ulikuwa wa mezani, jina lake Diplomacy. Aliyeutunga ni Mmarekani Allan Calhamer, na ulianza kuuzwa mwaka 1959. Wachezaji 7 hushika dola 7 za Ulaya za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hauna dadu wala bahati. Nguvu zote zimo katika maneno yanayonong'onwa pembeni: nisaidie hapa, nami nitakusaidia kule. Atakayeamini kupita kiasi huliwa, na asiyemwamini mtu hafiki popote.

Kompyuta iliwezaje kukaa kwenye meza kama hiyo? Mwanzoni haikuweza hata kidogo. Mwaka 1977 Walter Bright aliandika mchezo wa Empire, ambamo binadamu alipigana na mashine kugombea dunia nzima. Mashine ile ilikuwa adui na basi. Hapakuwa na cha kuzungumza, kwa sababu walikuwa wawili tu na kila mmoja alitaka chote.

Mlango ulifunguka mwaka 1991, Sid Meier na mwenzake Bruce Shelley walipotoa Civilization kupitia kampuni ya MicroProse. Hapo mchezaji alikutana na dola kadhaa zinazoendeshwa na kompyuta, kila moja ikiwa na kiongozi mwenye sura na jina kutoka katika historia. Kiongozi alijitokeza na washauri wake nyuma, akadai kodi, akatoa amani au akabadilishana elimu. Ungeweza hata kumlipa ampige mwingine. Ila urafiki wenyewe ulikuwa mwembamba kama karatasi. Leo amani, kesho mashua zake ziko ufukweni kwako.

Mwaka 1993 ukaja Master of Orion, ambao uwanja wake ni nyota na sayari. Huo uliongeza mambo mawili makubwa. La kwanza ni tabia: mtawala mmoja alikuwa mwaminifu, mwingine katili, mwingine kigeugeu, nawe ulipaswa kumjua mtu wako kabla ya kutia saini. La pili ni baraza la dola zote, lililokutana kupiga kura za kumchagua mtawala mmoja wa wote. Kura zilikwenda kwa wingi wa watu, na mshindi alihitaji theluthi mbili. Hapo ndipo ushirika ulipopata thamani ya kweli, kwa kuwa rafiki angeweza kukupa ushindi bila risasi hata moja kufyatuliwa, na jirani uliyemwonea angeweza kukunyima.

Civilization II ya mwaka 1996, iliyoongozwa na Brian Reynolds, ilileta mikataba kwa ngazi: kusitisha mapigano kwa zamu 16, kisha amani, kisha ushirika kamili. Ilileta pia sifa. Anayevunja neno lake alipakwa doa, na dola nyingine zilimwangalia kwa doa hilo. Wazee wetu walisema ahadi ni deni, na hapa kompyuta ilianza kuweka daftari la madeni. Hata hivyo kulikuwa na kasoro iliyowaudhi wengi. Mchezaji alipokaribia kushinda, waliokuwa washirika walimgeuka na kuungana dhidi yake, hata kama hakuwakosea lolote. Sababu yake inaeleweka: watengenezaji walitaka mchezo uwe mgumu hadi mwisho. Lakini mchezaji alibaki akijiuliza faida ya rafiki ambaye anakuacha siku unayofanikiwa.

Reynolds huyo huyo alijaribu jibu jingine mwaka 1999 katika Alpha Centauri. Vikundi 7 vya wanadamu vimehamia sayari ya mbali, na kila kimoja kina itikadi. Deirdre Skye anapenda anayehifadhi mazingira. Nwabudike Morgan anapenda soko huria. Ukichagua siasa zinazomchukiza mwenzako, atakuchukia hata kama hujamgusa. Kwa hiyo mashine haikuhesabu tena majeshi peke yake, ilipima pia jinsi unavyoishi nyumbani kwako. Wahamiaji kama sisi tunalijua hilo vizuri.

Hatua iliyofuata ndiyo tunayoiona kubwa kuliko zote. Katika Civilization III ya mwaka 2001 kulikuwa na meza moja ya biashara, ambapo ramani, dhahabu, elimu na mikataba vyote viliuzwa na kununuliwa, na mikataba ya kulindana iliweza kuvuta dunia nzima vitani, dola moja ikiiburuta nyingine. Lakini ni Civilization IV ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Soren Johnson, iliyolifungua daftari lenyewe mbele ya mchezaji. Ukimwangalia jirani, unaona orodha ya sababu za moyo wake, kila moja na namba yake. Tunafuata dini moja, ongeza. Mipaka yetu inasongana, punguza. Ulimpiga rafiki yetu, punguza tena. Ulitusaidia vitani, ongeza. Jirani hakuwa tena kitendawili, na mtu aliweza kujua amekosea wapi na akatengeneza.

Mchezo huo huo una jambo la kutufurahisha sisi wenye lugha hii. Wimbo wake wa kufungulia, uliotungwa na Christopher Tin, unaitwa Baba Yetu, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwezi Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa wa kwanza kuipata miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Wachezaji wa kila pembe ya dunia wasiojua Kiswahili walianza kuiendesha historia ya wanadamu wakisikia Kiswahili.

Usaliti wa kompyuta umezaa hata ngano. Inayojulikana zaidi ni ya Gandhi: kwamba katika mchezo wa 1991 kosa la hesabu lilimgeuza mpenda amani yule kuwa mrusha mabomu ya nyuklia. Sid Meier alikanusha katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2020, akasema kosa hilo halikuwapo. Ngano ilienea kwa sababu ilieleza hali ambayo kila mchezaji aliijua, ya kusalitiwa na yule uliyemdhania kuwa mpole kuliko wote.

Nyuma ya haya yote kuna swali moja ambalo Johnson alilizungumzia hadharani mwaka 2008 katika mkutano wa watengenezaji wa michezo: je, kompyuta icheze ili ishinde, au icheze ili binadamu afurahi? Ikicheza kushinda, haina rafiki, kwani rafiki ni ngazi tu ya kupandia. Ikicheza kufurahisha, inakubali kushindwa ili neno lake liwe na maana. Civilization V ya mwaka 2010 iliegemea upande wa kwanza. Viongozi wake waligombea ushindi, na mwanzoni sababu za chuki zao zilifichwa. Wachezaji wakalalamika kwamba wanaishi na majirani wasioeleweka, na baadaye marekebisho yakarudisha sehemu ya daftari. Mchezaji anaweza kustahimili adui; jirani asiyetaja kosa lako humchosha upesi.

Mwaka 2022 mambo yalirudi kwenye meza ya Calhamer. Kampuni ya Meta ilitangaza programu iitwayo Cicero, inayocheza Diplomacy kwa kuandikiana na wachezaji kwa maneno ya kawaida. Katika michezo 40, wenzake bila kujua kuwa ni mashine, ilikuwa katika asilimia 10 ya juu ya waliocheza zaidi ya mchezo mmoja. Watengenezaji wake walisema wameifunza ukweli. Mwaka 2024 watafiti wengine wakaonyesha mazungumzo ambamo iliahidi hili huku ikipanga lile. Mashine imejifunza kusema, lakini deni bado linategemea nani anashika daftari.

Sasa tufike pwani. Civilization V ilikuwa imeleta miji-dola, yaani miji midogo isiyogombea ushindi bali ipo ili wakubwa waigombee. Katika Civilization VI ya mwaka 2016 Zanzibar ni mmoja wao. Dola kubwa humtumia wajumbe, na mwenye wajumbe wengi kuliko wengine, wasiopungua watatu, huwa mlinzi wa mji. Mlinzi wa Zanzibar hupata karafuu na mdalasini, vitu ambavyo havipatikani kwa njia nyingine yoyote. Mlinzi akiingia vitani, mji humfuata. Akilipa dhahabu, hukodi askari wake. Mwaka 2018 ikaongezwa Kilwa Kisiwani kama jengo la ajabu, na anayelijenga hunufaika kwa kuwa mlinzi wa miji ya namna hiyo.

Tunafurahi kuona majina haya. Kijana aliyezaliwa Minneapolis akiuliza Kilwa ni wapi, hiyo tayari ni neema. Lakini tutazame tofauti iliyopo. Viongozi wakubwa katika mchezo ule wana daftari: wanakumbuka nani aliwapiga, nani alivunja neno. Zanzibar haina. Wajumbe wakizidi upande wa pili, inahama na mlinzi wake bila kinyongo wala shukrani. Ina karafuu tangu zama za kale, ingawa tunajua karafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyehimiza ilimwe kwa wingi. Mji umepewa bei, haukupewa kumbukumbu.

Historia yenyewe inasema kinyume. Mwezi Aprili 1498 Mombasa ilimshuku Vasco da Gama, Malindi ikampokea na kumpa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Malindi haikununuliwa. Ilikuwa na ugomvi wake na Mombasa, ikaona katika wageni wale mshirika wa kuumaliza. Mwaka 1505 Wareno wakazipiga Kilwa na Mombasa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, na mtawala wa Malindi akaletwa kukalia kiti cha Mombasa. Mtu angesema ushirika umelipa. Lakini Wareno hawakushika neno kama mshirika anavyoshika. Mwaka 1614 Sultan Hasan bin Ahmad aliuawa kwa njama yao. Mwanawe Yusuf wakampeleka Goa, wakambatiza, wakamrudisha mwaka 1626 awe sultani wao. Mwaka 1631 Yusuf aliichukua Ngome na kumuua kapteni wa Kireno. Tangu siku ya rubani ilikuwa imepita miaka 133, na deni lilikuwa bado kwenye daftari. Mwaka uliofuata aliiacha Ngome, Wareno wakarudi, na hawakutolewa tena hadi Waomani walipoitwaa mwaka 1698.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo mchezo haumfundishi kijana, na ndiyo inayobaki kwetu. Tusimkataze mchezo wake. Umemfundisha kwamba jirani ana sababu, na kwamba neno likivunjwa linaandikwa mahali. Basi atakapotuma mjumbe wake wa tatu Zanzibar na karafuu zikaanza kuingia, tuvute kiti, tukae karibu naye, tumsimulie habari za Yusuf bin Hasan.