Sehemu ya 6: Aliyepona kansa utotoni, anaweza kwenda JKT?



Leo naanza na historia, maana bila hiyo swali hili halijibiki vizuri. Mtoto aliugua kansa akiwa mdogo, akatibiwa, akapona. Sasa kamaliza shule. Kambi za JKT zipo jirani, Mtabila hapa Kasulu na Kanembwa upande wa Kakonko, na yeye anataka kwenda. Mama anajiuliza: niseme aliugua, au ninyamaze?

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Miaka ile swali kama hili lilikuwa nadra sana. Kansa inayovimbisha taya au tumbo la mtoto ilikuwa inaua ndani ya miezi michache tu.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akaona mwingine wa namna ile ile. Mwaka 1958 akaandika kuhusu ugonjwa huo, na leo unaitwa kwa jina lake: limfoma ya Burkitt.

Sasa sikiliza hili. Burkitt mwenyewe alikuwa na jicho moja. Lingine alilipoteza kwa ajali akiwa na miaka 11. Alipoomba kazi kwa serikali ya Uingereza, idara ya makoloni, walimkataa kwa sababu ya jicho hilo. Mwaka 1941, wakati wa vita, jeshi likampokea kama daktari, na jeshi ndilo lililomleta Afrika Mashariki. Wa kwanza waliangalia kilichopungua. Jeshi likaangalia anachoweza kufanya.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, yeye na madaktari wenzake wawili walifunga safari kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wiki kumi, kama kilomita 16,000. Kila hospitali walionyesha picha za watoto wagonjwa na kuuliza: mmewahi kuona huyu? Wakagundua ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi. Kwenye miinuko yenye baridi ulikuwa adimu. Mama zangu, mkoa wetu malaria tunaijua. Chandarua si mapambo.

Miaka hiyo ya 1960 wakaanza kujaribu dawa pale Kampala. Uvimbe mkubwa ukawa unayeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Leo Bugando na Muhimbili wanatibu kansa za watoto. Ndiyo maana kuna vijana waliougua wakiwa na miaka 6 ambao leo wanataka kuvaa kombati.

Haya, turudi kwenye swali. Wanaojiunga JKT hupimwa afya, na uamuzi ni wa daktari anayempima. Siwezi kukuahidi atapita. Ila kunyamaza kuna hatari yake. Baadhi ya dawa za kansa, na mionzi ya kifuani, vinaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baada ya kupona, na kijana asijue mpaka mwili ubanwe. Kule ni mchakamchaka alfajiri na kwata juani. Moyo dhaifu unaofichwa nyumbani unaweza kujitokeza uwanjani.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Tunza karatasi zote: jina la ugonjwa, dawa alizopewa, lini alimaliza. Zikipotea, rudi hospitali alikotibiwa uombe muhtasari.
2. Kabla ya kuomba nafasi, apimwe moyo na damu, daktari aandike hali yake ya leo.
3. Akiulizwa, aseme ukweli na aonyeshe karatasi. "Nilitibiwa, nikamaliza, vipimo hivi hapa" ina uzito kuliko "sijawahi kuumwa".
4. Akikataliwa, hajarudi kuwa mgonjwa. Burkitt alikataliwa mlango mmoja.

Na kwa mwenye mtoto mdogo: uvimbe wa taya, meno kulegea bila sababu, jicho kutokeza au tumbo kujaa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe huu hukua kwa kasi kubwa, na kila siku inayopita ina maana.