Maneno ya Bahari Yalivyopanda Bara: Historia Fupi ya Istilahi za Viumbe wa Majini

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, jirani na mji wa Songea, ukasafiri kadiri ya kilomita 800, sehemu kubwa ya safari hiyo ukiwa mpaka wetu na Msumbiji, hata ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kusini ya Mtwara. Maji ya Songea, basi, huifikia bahari. Wanafunzi wa Songea walio wengi hawaifikii. Kwa barabara iko mbali zaidi ya kilomita 600, na maji makubwa wanayoyajua ni yale ya Ziwa Nyasa, yenye usipa na mbasa, yasiyo na chumvi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno ya viumbe wa baharini yalivyosafiri kinyume cha mto huo, kutoka pwani hadi darasani, na yaliyoyapata njiani.

Kiswahili ni lugha iliyolelewa ufukoni, na wavuvi na waunda vyombo ndio waliokuwa wataalamu wake wa kwanza wa elimu ya viumbe. Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, kazi yake kubwa ilikuwa kusanifisha tahajia na sarufi na kusimamia vitabu vya shule. Kamusi za Frederick Johnson zilitoka mwaka 1939, na mwaka huo huo ikaanza kutoka kamusi kubwa ya Padre Charles Sacleux, aliyekuwa pia mkusanyaji hodari wa mimea. Hazina ya maneno ya baharini iliyomo humo si haba. Walakini maneno hayo yaliwekwa kama yalivyosemwa na watu wa kazi, wala hayakupangwa kwa ajili ya somo la sayansi.

Haja ya kuyapanga ilidhihirika mwaka 1967. Mwaka huo ulitangazwa mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikashika nafasi ya lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa Sheria Na. 27. Mwalimu wa Songea aliyekuwa akifundisha viungo vya samaki kwa Kiingereza akatakiwa kuvifundisha kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wa pwani, ambao samaki wao si wale wa Nyasa.

Tuchukue kiungo ambacho samaki hupumulia. Wavuvi wengi hukiita mashavu. Neno hilo halina kosa lolote pwani, ambako mtoto humwona mama yake akimpasua samaki jikoni na kuyatoa. Bara, mwanafunzi asikiapo kwamba samaki hupumua kwa mashavu, hushika mashavu yake mwenyewe, akadhani kwamba samaki hujaza pumzi kinywani. Neno matamvua, ambalo nalo ni la asili, lafaa zaidi. Kila mtu amekwisha kuona matamvua ya shuka au ya mtandio: nyuzi nyingi nyembamba zilizoachwa pembeni mwa nguo. Kiungo chenyewe ndivyo kilivyo, nyuzi nyingi zilizojaa damu, ili eneo linalogusana na maji liwe kubwa na hewa iliyoyeyuka majini ipate kuingia. Hapa jina linafundisha nusu ya somo kabla mwalimu hajafungua kitabu.

Mkunga ulileta matata ya namna nyingine. Bara mkunga ni mwanamke anayezalisha, na ngeli pekee (wakunga hao, mikunga hiyo) haitoshi kumwokoa mwanafunzi wa darasa la tano. Hii ni hasara, maana mkunga wa mtoni ndiye samaki ambaye angalifaa kuliko wote kuiunganisha Songea na bahari. Mikunga ya mito yetu inayoelekea Bahari ya Hindi huzaliwa baharini. Wataalamu hukisia kwamba mazalio yake yako upande wa mashariki wa Madagaska. Wachanga wake huchukuliwa na mikondo hadi pwani, wakapanda mito, wakakaa miaka mingi katika maji baridi, kisha wakubwa hurudi baharini kuzaa na kufa.

Ajabu ya safari hiyo imo katika chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kadiri ya gramu 35, na maji yaliyomo mwilini mwa samaki wa mifupa yana chumvi kama theluthi ya hiyo. Samaki wa baharini kwa hiyo hupoteza maji daima, kana kwamba yuko jangwani. Hana budi kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia matamvua. Samaki wa Nyasa mambo yake ni kinyume: maji humwingia bila kualikwa, naye huyatoa kwa mkojo mwingi. Mkunga huweza yote mawili, kwa kubadili kazi ya matamvua na mafigo yake. Papa naye ana njia yake: huhifadhi urea katika damu ili asinyonywe maji na bahari. Urea hiyo ikioza ndiyo inayompa papa mkavu harufu yake kali, ambayo wanunuzi wa sokoni huijua hata kama sababu yake hawaijui.

Katika mimea, lugha yetu haikuhitaji msaada wa mtu. Kiingereza kina jina moja la jumla kwa miti yote ya mikokoni, na aina zake huitwa kwa kuongezewa sifa za rangi. Mswahili ana mkoko, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana na mkomafi, kila mmoja kwa tabia yake na kazi yake. Mkoko husimama juu ya mizizi mirefu iliyopindika kama miguu, na mbegu yake huota ingali juu ya mti mama, ikaanguka topeni ikiwa mche tayari. Mchu huchomoza mizizi ya kupumulia juu ya tope kama penseli, na hutoa chumvi kupitia majani yake. Ukilamba jani utaionja. Miti hiyo imejaa penye mlango wa Ruvuma, ambako tangu mwaka 2000 pana hifadhi ya bahari pamoja na Ghuba ya Mnazi. Mfasiri anayeandika "mikoko" kwa yote sita hajakosea, ila ametupa mali.

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Mkoko na mchu vimepataje maumbile hayo? Vitabu vingi husema kwamba kiumbe "amejizoesha" au "amezoea" mazingira yake. Kuzoea ni jambo la mtu mmoja katika maisha yake: mgeni kutoka Dar es Salaam huizoea baridi ya Songea ya mwezi wa Julai. Lakini mchu haukujizoesha chumvi. Katika vizazi vingi mno, ile michu iliyozaliwa na uwezo wa kutoa chumvi ndiyo iliyosalia na kuacha mbegu, na ile isiyo na uwezo huo ikafa. Mwanafunzi anayefundishwa kwa neno "kujizoesha" huondoka na nadharia nyingine kabisa, kwamba kiumbe akijitahidi vya kutosha hubadilika, na watoto wake hurithi juhudi hiyo. Mwalimu akija kumfundisha uteuzi wa asili katika shule ya sekondari, hukuta mahali pamekwisha kukaliwa.

Rai yetu ni kwamba "kujizoesha" kuachwe kwa mkunga mmoja anayebadili kazi ya mafigo yake aingiapo mtoni, na kwamba kwa maana ya vizazi litumike "kuchukuana na mazingira". Vitu vinavyochukuana vinafaana, wala neno halisemi nani aliyetaka. Wako watakaosema kwamba tayari pana istilahi za kutosha. Ni kweli kwamba kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1990. Lakini ilitoka baada ya pendekezo la Tume ya Makweta la mwaka 1982, la kufundishia sekondari kwa Kiswahili, kukataliwa, na kamusi isiyotumika darasani haipati nafasi ya kusahihishwa na watumiaji wake.

Limebaki jina moja. Mwaka 1938 alivuliwa Afrika Kusini samaki ambaye wataalamu walidhani jamii yake ilitoweka kadiri ya miaka milioni 66 iliyopita. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na huko wavuvi walikuwa na jina lake, gombessa. Tangu mwaka 2003 amenaswa mara nyingi katika nyavu za pwani yetu, na mwaka 2009 Tanga ikapata hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Huishi vilindini, mita mia na zaidi chini, na mahali pa pafu la kale ana kiungo kilichojaa mafuta. Maandishi yetu humwita silikanti, kwa kufuata Wazungu. Kikomoro ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na neno lake laingia kinywani mwetu bila kukatwa popote. Tunapendekeza aandikwe gombesa, kwa s moja.