Kutoka Chumvi ya Uvinza Hadi Bitcoin: Historia ya Fedha Katika Nyanda za Juu za Kibondo na Kasulu na Nafasi ya Sarafu za Mtandao Katika Uchumi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya sarafu za mtandao katika uchumi kwa kuzitazama katika historia ndefu ya fedha ya nyanda za juu za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma. Hoja kuu ni kwamba katika eneo hili hakuna kitu kilichopata kuwa fedha kwa sababu ya maumbile yake peke yake. Chumvi, majembe, shanga, rupia na shilingi vilipokelewa kwa kuwa palikuwa na wajibu uliolipwa kwa vitu hivyo: mahari, hongo, kodi au deni. Makala yanaonesha pia kwamba kila fedha ilipobadilishwa au kuanguka, hasara iliwaangukia zaidi wale waliokuwa mbali na wabadilishaji. Kwa kipimo hicho, sarafu za mtandao bado ni bidhaa ya kubahatisha kuliko fedha, na swali la kisera linalopaswa kutangulia ni nani atakayebeba hasara.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya sarafu za mtandao nchini Tanzania imetawaliwa na pande mbili. Upande wa kwanza unaziona kuwa ukombozi wa mwananchi dhidi ya benki na serikali. Upande wa pili unaziona kuwa utapeli mtupu. Pande zote mbili huanza na teknolojia, na mara nyingi huichukulia fedha ya serikali kuwa hali ya kawaida isiyo na historia. Watu wa Kibondo na Kasulu hawakuishi katika hali hiyo. Katika muda wa takriban karne moja, kati ya mwaka 1870 na 1970, eneo lao lilipitia shanga, nguo, rupia ya Kijerumani, utawala wa Kibelgiji, shilingi ya Afrika Mashariki na hatimaye shilingi ya Tanzania. Uzoefu huo unatoa kipimo cha kihistoria cha kuuliza ni lini kitu huwa fedha, na kwa manufaa ya nani.

2.0 Vitu Vilivyofanya Kazi ya Fedha Kabla ya Ukoloni

Chemchemi za chumvi za Uvinza, kusini mwa Buha, zimetumika tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo, kama utafiti wa kiakiolojia wa Sutton na Roberts ulivyobainisha katika miaka ya 1960. Wakati wa kiangazi watu walitoka sehemu mbalimbali kwenda kuchemsha maji ya chumvi, na sehemu ya chumvi iliyopatikana walipewa watawala wa Uvinza. Chumvi iliyofungwa ilisafirishwa mbali na kubadilishwa kwa chakula, mifugo na vyuma. Ilikidhi sifa kadhaa za fedha: ilihitajika na kila kaya, iligawanyika na ilibebeka. Hata hivyo iliyeyuka kwa mvua, na hivyo haikufaa kuwekwa kwa miaka mingi.

Kazi ya kuhifadhi mali ilifanywa na ng'ombe. Katika Buha, mfumo wa ubugabire ulimfunga mpokeaji wa ng'ombe kwa mtoaji wake kwa utumishi na utii. Ng'ombe hakuwa bei ya kitu. Alikuwa kumbukumbu hai ya deni, na jamii nzima ilijua nani anamiliki nini na nani anadaiwa na nani. Majembe ya chuma nayo yalitumika katika mahari na katika biashara ya magharibi mwa Tanzania. Kilichoyapa majembe nguvu ya ziada ni kwamba kijana asiyekuwa nayo hakuweza kukamilisha wajibu wake kwa wakwe.

Ujiji, lango la Buha upande wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa na mfumo mwingine. Verney Lovett Cameron, aliyefika hapo Februari 1874, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1877 kwamba bei za sokoni zilihesabiwa kwa shanga ziitwazo sofi. Soko lilipoanza, wabadilishaji waliwapa wanunuzi sofi kwa kupokea shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida mara zote mbili. Maelezo haya mafupi yana uzito mkubwa kwa hoja ya makala haya. Mkulima aliyeshuka na mazao yake alilazimika kupita mikononi mwa mbadilishaji ili auze, na kupita tena ili arudi nyumbani na kitu chenye thamani huko kwao, kwa kuwa aina ya shanga iliyopokelewa mahali pamoja iliweza kukataliwa mahali pengine.

Watawala wa Uha nao walidai hongo kwa misafara, hasa kwa nguo. Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji mwaka 1871, alilipa nguo nyingi kiasi kwamba aliamua kuwakwepa watawala waliobaki kwa kusafiri usiku. Hivyo nguo ilikuwa fedha ya njiani kwa sababu palikuwa na mamlaka iliyoidai.

3.0 Kodi, Rupia na Shilingi

Utawala wa Kijerumani uliweka kituo Ujiji mwaka 1896. Amri ya kodi ya nyumba ya mwaka 1897 iliruhusu mwanzoni malipo ya mazao au kazi, lakini lengo lake lilikuwa kuwaingiza Waafrika katika uchumi wa fedha taslimu. Kuanzia mwaka 1904 rupia iligawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64. Kwa mwananchi wa nyanda za juu, rupia haikuja kama chombo cha kurahisisha biashara. Ilikuja kama kitu ambacho lazima kitafutwe, na njia mojawapo ya kukitafuta ilikuwa kuondoka kwenda kufanya kazi mbali na nyumbani.

Vita Kuu ya Kwanza vilidhihirisha udhaifu wa fedha hiyo. Koloni lilipotengwa na Ujerumani, utawala ulichapisha noti za muda, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kuwa kiwanda cha sarafu, zikiwemo sarafu za dhahabu za rupia 15. Majeshi ya Kibelgiji yaliteka Kigoma Julai 1916 na Tabora Septemba mwaka huohuo. Dhahabu ilibaki kuwa dhahabu, lakini noti za muda zilibaki karatasi, kwa kuwa dola iliyoahidi kuzilipa haikuwapo tena. Buha ilibaki chini ya Wabelgiji hadi Machi 1921, ilipokabidhiwa kwa Waingereza. Wakati huohuo Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, ilihama kutoka rupia kwenda florini, kisha shilingi, ndani ya muda mfupi.

Chini ya Waingereza, Buha iligeuka kuwa chanzo cha vibarua. Kodi ilibaki na mazao ya biashara yalikuwa machache, na wanaume wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakijulikana kwa jina la manamba. Thamani ya shilingi huko Kibondo na Kasulu ilipimwa kwa miezi ya kutokuwapo nyumbani.

Uhuru ulileta fedha ya taifa. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi Juni 1966, na Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki binafsi zilitaifishwa. Fedha hii nayo ilikuwa na gharama zake. Mfumuko wa bei wa miaka ya 1980 ulikuwa takriban asilimia 30 kwa mwaka, na katikati ya mwaka 1986 kiwango rasmi kilishushwa kutoka takriban shilingi 17 hadi 40 kwa dola moja. Aliyeweka akiba yake katika noti alipoteza. Aliyeweka katika ng'ombe au shamba hakupoteza kwa kiasi hicho. Historia hii inaeleza kwa nini ahadi ya fedha isiyoweza kuchapishwa ovyo ina mvuto wa kweli, na si busara kuibeza.

4.0 Fedha ya Simu na Kambi za Wakimbizi

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Katika wilaya zenye matawi machache ya benki, wakala wa simu alifanya kazi ambayo benki haikuifanya. Jambo la kuzingatia ni kwamba fedha ya simu haikuunda kipimo kipya cha thamani: ni shilingi iliyobadilishwa mwendo. Ndiyo maana ilikubalika haraka. Ndiyo maana pia serikali iliweza kuitoza: tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 ilizua malalamiko makubwa na ikapunguzwa Septemba mwaka huohuo.

Kambi za wakimbizi zinatoa mfano ulio karibu zaidi na mada. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na kuanzia mwaka 2015 Nyarugusu na Nduta, wilayani Kibondo, zilipokea maelfu ya Warundi. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula, lakini mwaka 2017 serikali ilisitisha mpango huo. Mwaka huohuo, katika kambi ya Azraq nchini Jordan, shirika hilohilo lilianza kuwalipia wakimbizi chakula dukani kwa kutumia daftari la kidijitali lililojengwa juu ya teknolojia ya Ethereum. Tofauti kati ya Azraq na Nyarugusu haikuwa ya mitambo. Ilikuwa ya uamuzi wa dola kuhusu nani aruhusiwe kushika fedha na kuitumia katika soko lipi.

5.0 Sarafu za Mtandao: Muundo na Madai Yake

Bitcoin ilielezwa Oktoba 2008 katika andiko lililotolewa kwa jina la Satoshi Nakamoto, na mtandao wake ulianza Januari 2009. Msingi wake ni daftari la pamoja ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi, pasipo mtunzaji mmoja mkuu. Miamala hukusanywa katika vitalu vinavyofungamanishwa kimoja na kingine, na kompyuta zinazoshindana kuongeza kitalu kipya hulipwa sarafu mpya. Jumla ya sarafu imewekewa kikomo cha milioni 21.

Kwa mtazamo wa historia ya Buha, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, daftari linalojulikana na wote si geni kama linavyodhaniwa: ubugabire nao ulitegemea kumbukumbu ya pamoja ya madeni. Tofauti ni kwamba kumbukumbu ya ubugabire iliweza kujadiliwa mbele ya wazee pale mtu alipodhulumiwa, ilhali daftari la Bitcoin halimsikilizi aliyetuma kwa makosa au aliyeibiwa namba yake ya siri. Pili, uhaba hautoshi kufanya kitu kiwe fedha. Hakuna mahari, ada ya shule wala kodi ya Kibondo inayodaiwa kwa Bitcoin. Anayeipokea hulazimika kuibadilisha kuwa shilingi, na hapo huingia mikononi mwa mbadilishaji kama muuzaji wa Ujiji mwaka 1874. Ada ya kuingia na ada ya kutoka ni sofi katika umbo jipya.

Sarafu zilizofungamanishwa na dola, kama Tether iliyoanza mwaka 2014, zinapunguza tatizo la bei kupanda na kushuka. Hata hivyo zinamrudisha mtumiaji kwenye ahadi ya mtoaji, yaani hali ileile iliyowakuta walioshika noti za muda za Kijerumani.

6.0 Dola na Sarafu za Mtandao Nchini Tanzania

Tarehe 12 Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu za mtandao hazitambuliwi na kwamba shilingi ndiyo fedha halali pekee. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Benki Kuu ilieleza kuwa inachunguza sarafu ya kidijitali ya benki kuu kwa hatua na kwa tahadhari. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali.

Msimamo huu una mgongano ndani yake. Kitu kisichotambuliwa kuwa fedha kinatozwa kodi kama mali, lakini kodi yenyewe hulipwa kwa shilingi. Kodi ya nyumba iliifanya rupia kuwa fedha kwa sababu ilidaiwa katika rupia. Kodi ya asilimia 3 haiipi Bitcoin hadhi hiyo. Inaipa serikali mapato bila kumpa mtumiaji ulinzi unaolingana na ule wa mwenye akaunti ya benki.

Upungufu wa ulinzi huo si jambo la kinadharia. Nchini Uganda, Desemba 2019, kampuni ya Dunamiscoins ilifunga ofisi zake baada ya kukusanya fedha za watu kwa ahadi ya faida kubwa kwa jina la sarafu za kidijitali. Novemba 2022 soko la FTX lilifilisika, na wateja wa nchi nyingi wakazuiliwa kupata mali zao. Katika matukio yote mawili, daftari la kihesabu halikuvunjika. Kilichovunjika ni uaminifu wa mbadilishaji.

7.0 Hitimisho

Historia ya Kibondo na Kasulu haithibitishi kwamba fedha ya serikali ni salama daima. Noti za mwaka 1916 na mfumuko wa miaka ya 1980 ni ushahidi wa kutosha. Haithibitishi pia kwamba fedha isiyo na dola ni huru. Inaonesha kwamba fedha hukaa pale wajibu ulipo, na kwamba mamlaka ya kweli huwa kwa anayesimama mlangoni pa kubadilisha. Kwa sasa sarafu za mtandao zina nafasi ya bidhaa ya kubahatisha na njia ya kuvusha thamani mipakani, si ya fedha ya soko la kila siku.

Kutokana na hayo, sera inayozitoza bila kuwasajili na kuwasimamia wabadilishaji imeanzia mahali pasipofaa. Usimamizi wa wabadilishaji, wajibu wao wa kutenganisha mali za wateja na mali zao, na chombo cha kusikiliza malalamiko kinachofikika hata na mkazi wa Kibondo, vingepaswa kutangulia kodi. Utafiti zaidi unahitajika katika kumbukumbu za mahakama za mwanzo na masimulizi ya wazee wa Buha kuhusu madeni yaliyobaki bila kulipwa kila fedha ilipobadilika.