Jina Lililobaki Kwenye Orodha

Kompyuta mpakato niliyoinunua mwaka jana ilikuwa imetumika, na ilikuja na jina la mmiliki wake wa kwanza. Kila nilipoiunganisha na mtandao wa bweni, wenzangu waliona jina la mtu wasiyemjua. Usiku mmoja nikafungua dirisha la amri, nikaandika hostnamectl set-hostname na jina nililolitaka. Haikuchukua hata sekunde. Lakini amri iliyofuata, niliyoitanguliza kwa neno sudo, ilikuja na lalamiko: jina jipya halitambuliki. Kompyuta ilikuwa imekubali kubadilishwa jina, kisha ikashindwa kujijua.

Dawa yake ni ndogo. Unafungua faili la /etc/hosts, unafuta jina la zamani kwenye mstari wake na kuandika jipya. Kilichoninyima usingizi ni swali jingine: kwa nini kompyuta isome orodha ndipo ijue inaitwa nani?

Jibu liko California. Mwishoni mwa 1969 mtandao wa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulikuwa na vituo vinne tu, vikijulikana kwa namba. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilikuwa 1. Taasisi ya Utafiti ya Stanford ilikuwa 2. Namba hazikai kichwani, basi kila kituo kikajitungia majina ya kuwaitia wenzake. Kompyuta ileile ikaitwa hivi huku na vile kule. Septemba 1971 Peggy Karp aliandika waraka akipendekeza majina yawe mamoja kwa wote.

Kazi ya kuyatunza ikaangukia kituo cha taarifa cha taasisi ile ya Stanford, kilichoongozwa kwa miaka mingi na Elizabeth Feinler. Huko kulikaa faili moja, HOSTS.TXT. Aliyetaka kuipa kompyuta jina, au kulibadilisha, aliwasiliana na ofisi hiyo. Wafanyakazi walihakikisha jina halijachukuliwa, wakaliandika, kisha vituo vingine vikanakili faili upya. Kabla ya hapo ungeweza kuiita mashine yako utakavyo, lakini hakuna ambaye angeipata kwa jina hilo.

Historia za intaneti hupenda wahandisi na mitambo yao. Kazi hii ya kukagua orodha, mstari kwa mstari, hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba ni ya karani. Bila hiyo, mtandao ungekuwa mji ambao kila mtaa unamwita mtu jina lake.

Kompyuta zilipoongezeka, orodha moja ikazidiwa. Novemba 1983 Paul Mockapetris alichapisha mpango wa DNS, unaogawanya madaraka ya kutoa majina kwa wengi. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix liitwalo 4.2BSD, na ndani yake amri ya hostname. Msimamizi sasa aliweza kubadili jina la mashine akiwa kitini pake.

Lakini orodha haikufa. Ilipungua, ikahamia ndani ya kila mashine. Faili nililokuwa nalihariri usiku ule ni mjukuu wa HOSTS.TXT, na kwa kawaida kompyuta hulisoma kabla ya kuuliza DNS. Lalamiko nililoliona lilikuwa la enzi ya Feinler: umejiita, sawa, lakini nani amekuandika?

Kwetu mwanamke akipata mtoto huwa Mama Fulani, na hakuna fomu inayojazwa. Majirani ndio daftari. Wasipokuita hivyo, jina hilo huna.

Nikasahihisha ule mstari, lalamiko likakoma. Kwenye orodha ya ruta ya bweni, hata hivyo, kompyuta yangu iliendelea kuitwa kwa jina la yule mmiliki wa kwanza hadi kesho yake.