Sauti Pekee Iliyoruhusiwa

Gofu ni mchezo wa upweke uliowekewa sheria. Raundi ikishaanza, mchezaji hawezi kumuuliza mpinzani wake achague fimbo ipi, wala kumdokezea mwenzake namna ya kupiga. Kuuliza umbali hadi shimoni si kosa, kwani hiyo ni habari ya wote. Kosa ni kuomba au kutoa ushauri. Katika mashindano ya kuhesabu mikwaju, Kanuni ya 10.2 humwongezea mkosaji mikwaju miwili. Anayecheza peke yake ana mtu mmoja tu wa kumshauri: kedi, yule anayembebea mfuko wa fimbo.

Tumezoea kumwona kedi kama mpagazi. Historia ya Augusta, katika jimbo la Georgia, Marekani, inatudai tumtazame upya.

Mashindano ya Masters yalianza huko mwaka 1934. Hadi 1982, kila mchezaji alilazimika kutumia kedi wa klabu, na makedi hao walikuwa wanaume Weusi, wengi wao wakazi wa mtaa wa jirani wa Sand Hills. Wakati huo, chama cha wachezaji wa kulipwa, PGA, kilikuwa na kifungu kilichowafungia mlango wasio Wazungu, kilifutwa 1961. Mweusi wa kwanza kucheza Masters, Lee Elder, aliingia uwanjani 1975. Klabu yenyewe ilipokea mwanachama wake wa kwanza Mweusi 1990.

Hapo ndipo penye kinaya. Klabu iliyowanyima Weusi uanachama iliwapa, kwa nguvu ya sheria za mchezo, nafasi ya kuwa sauti pekee ambayo bingwa angeweza kuisikiliza. Na sauti hiyo ilikuwa na thamani. Miinuko ya Augusta huhadaa macho: mpira unaoonekana utanyooka hupinda. Mwaka 1979 Fuzzy Zoeller alifika hapo kwa mara ya kwanza, akamfuata kedi Jariah Beard, akatwaa ubingwa. Mwenyewe hakuficha kwamba alitegemea macho ya Beard.

Kuanzia 1983, wachezaji waliruhusiwa kuja na makedi wao. Kwao ulikuwa uhuru. Kwa wanaume wa Augusta, kazi iliyowapa heshima ikapeperuka. Wachache walibakizwa. Ben Crenshaw aliendelea na Carl Jackson, aliyeanza kubeba mfuko kwenye Masters tangu 1961 akiwa kijana mdogo, na pamoja wakashinda 1984. Mwaka 1995, wiki aliyomzika mwalimu wake Harvey Penick, Crenshaw alikuwa amepoteza mapigo yake. Mazoezini, Jackson alimwambia ausogeze mpira nyuma kidogo na abane mzunguko wa mabega. Crenshaw akashinda tena.

Orodha ya mabingwa humtaja mchezaji peke yake. Lakini kanuni ileile inayomtenga na wenzake inakiri kwamba hakuwa peke yake. Anayeandika historia ya gofu kwa kufuata majina ya kwenye kombe ataikosa elimu iliyopita kando yake, begani mwa mtu mwingine.